Mwaka wa sanaa nyumbani, kwa majira ya Dar

Mzazi anayefundisha watoto nyumbani akikaa kupanga sanaa kwa mara ya kwanza, huanza na hesabu: wiki 36 za masomo, basi kazi 36. Wiki hii kinyago cha karatasi, wiki ijayo kipepeo, inayofuata chungu. Nasi tulianza hivyo hivyo, kwa ratiba iliyonunuliwa kutoka ng'ambo, na ilipofika Desemba ukuta ulikuwa umejaa kazi lakini hakuna mtoto aliyeweza kuchora kikombe kilichokuwa mezani mbele yake. Kila kitu walikigusa mara moja tu. Mkono haukupata nafasi ya kuzoea chochote.

Ratiba ile haikuwa mbovu. Ilikuwa imeandikwa kwa mji mwingine. Ilitaka majani yanayogeuka rangi mwezi Oktoba na ufinyanzi mwezi Aprili, na Aprili ya Dar es Salaam ni masika. Chungu kilichofinyangwa wakati huo hukaa wiki tatu bila kukauka, kikaota ukungu, na mzazi mwenye haraka akikianika juani siku mawingu yakipasuka, kinapasuka nacho mbele ya macho ya mtoto. Mtoto halii kwa ajili ya udongo, analia kwa ajili ya wiki tatu alizongoja.

Siku hizi tunapanga vitu vinne tu kwa mwaka mzima: mstari, kivuli, rangi na umbo. Kila kimoja kinarudi angalau mara tatu, na majira ndiyo yanayoamua kipi kije lini. Masomo ni 30, si 36. Wiki zilizobaki ziache wazi kabisa kwenye kalenda tangu Januari, kwa sababu zitajazwa tu: homa, wageni, siku barabara ya Jangwani imefungwa kwa maji, wiki za Sikukuu. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usinakili kalenda ya mwaka jana bila kuitazama. Mtoto anayefunga achore asubuhi mapema, na safari za mjini zisubiri mwezi uishe. Mpango usio na wiki tupu huvunjika mwezi wa tatu, na mzazi akishaona yuko nyuma kwa masomo matano hukata tamaa na kuiacha sanaa yote, maana ndilo somo lisilo na mtihani.

Muda nao uendane na umri. Wa miaka 5 au 6 wanatosheka na dakika 25. Wa 7 hadi 9 wape dakika 45. Kuanzia 10 wanaweza kukaa saa moja na robo bila kusukumwa. Tulipowapa wote kazi moja kwa muda mmoja, mdogo alivuruga na mkubwa alichoka kusubiri. Waweke meza moja na kitu kimoja cha kutazama, ila mdogo achore anachokiona kikubwa zaidi, na mkubwa atafute vivuli na vipimo. Januari na Februari somo lianze saa mbili asubuhi. Kufikia saa tano jasho la kiganja linalowesha karatasi, na penseli haishiki penye unyevu.

Kwenye kununua ndiko hela zilikokwenda na maji. Tulinunua kila kitu Januari, na masika yalipokwisha rangi za unga zilikuwa zimeganda mabonge, gundi imekauka chupani, karatasi za chini zimeota madoa. Sasa tunanunua mara tatu: Januari, mwanzo wa Juni na Septemba. Karatasi ndiyo tuliyoibania fedha, na ndiyo isiyofaa kubaniwa. Karatasi ya gramu 80, ile ya kawaida ya kuchapia, ikipakwa rangi ya maji hukunjamana na kuchanika, na mtoto hudhani kosa ni lake. Kwa watoto wawili, mwaka mzima, tunatumia rimu moja ya A4 ya gramu 80 kwa mazoezi ya penseli tu (imekuwa ikicheza kati ya shilingi 10,000 na 15,000), karatasi 120 za A3 za gramu 160 au zaidi, na manila 20. Penseli laini za 2B dazeni moja, na za 6B, laini zaidi, nne. HB, ile ya kuandikia, peke yake haifai, kivuli chake hubaki kijivu hata ukandamize vipi. Brashi sita zinatosha: mbili za duara namba 4, mbili za duara namba 8, na mbili bapa za inchi moja, zile za mafundi rangi. Pakiti ya brashi kumi na mbili za bei ya chini hunyonyoka manyoya ndani ya picha wiki ya pili.

Vingine viko jikoni. Kifuu cha nazi ni bakuli zuri la maji ya kuoshea brashi, kizito chini, hakipinduki kirahisi kikikaa juu ya pete ya kitambaa kama kata ya mtungi. Mfuniko wa kopo la siagi ni sahani ya kuchanganyia rangi. Kipande cha plaiwudi cha milimita 3, kikubwa kuliko A3 kwa vidole viwili kila upande, kinamwezesha mtoto kuchora popote hata barazani. Karatasi zote zikae kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko, juu ya stuli, mbali na ukuta wa nje. Ukuta wa nje ndio unaoleta unyevu wakati wa masika.

Januari hadi katikati ya Machi ni mstari, masomo nane. Vifaa ni penseli, karatasi na vitu vya nyumbani. Somo la kwanza na la pili mtoto anachora kitu, tuseme kiatu cha kamba, bila kuangalia karatasi. Jicho linatembea polepole kwenye ukingo wa kiatu na penseli inatembea nalo kwa mwendo uleule. Mchoro utakuwa kituko, na mwambie mapema kwamba utakuwa hivyo. Faida yake ni kwamba jicho linaacha kuchora kiatu kinachofahamika kichwani na kuanza kuchora kiatu kilichopo. Baada ya hapo anatazama karatasi kidogo, kisha zaidi. Kwa wiki nzima kitu kinabaki kilekile. Tulipobadilisha kitu kila siku, watoto walichora kila kimoja kwa kubahatisha. Tuliporudia kiatu mara nne, ile mara ya nne waliona tundu za kamba zinavyopungua upana kadiri zinavyokwenda mbali.

Kifutio tunakiondoa mezani kwa wiki tatu za kwanza. Mtoto mwenye kifutio anafuta mstari wa kwanza kabla hajachora wa pili, na bila wa pili hawezi kujua wa kwanza ulikosea kwa kiasi gani. Mstari wenye kosa ubaki, mwembamba, na ulio sawa upite juu yake kwa nguvu zaidi. Na hili tunalisisitiza kuliko yote tuliyoandika hapa: mzazi asiguse karatasi ya mtoto. Chukua karatasi yako, kaa pembeni yake, onesha pale. Mkono wa mtu mzima ukishapita kwenye mchoro wa mtoto, mchoro si wake tena, na anajua.

Umri wa miaka 9 au 10 una ugumu wake. Hapo mtoto anaanza kuona tofauti kati ya alichochora na kilichopo, na wengi huacha kuchora moja kwa moja wakidai hawajui. Kumsifia hakumsaidii, maana macho yake yanamwambia ukweli. Anachohitaji ni njia ya kupima. Mpe chelewa moja, ile njiti ya ufagio. Afumbe jicho moja, anyooshe mkono hadi kiwiko kikaze, apime kwa chelewa na kidole gumba: upana wa chupa unaingia mara ngapi kwenye urefu wake? Mara tatu na nusu. Basi na kwenye karatasi iwe mara tatu na nusu. Kiwiko kikilegea vipimo vinabadilika, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Tumeona watoto waliokwisha kuacha wakirudi mezani kwa njiti hiyo.

Mkaa wa kuchorea tunauchoma wenyewe mwezi Februari. Mkaa wa jikoni ni mgumu na unakwaruza karatasi. Kata vijiti vikavu vilivyonyooka, unene wa penseli, vimenywe maganda, vipange vikibanana kwenye kopo la bati lenye mfuniko, toboa tundu moja la msumari juu, weka kopo kwenye jiko la mkaa nje. Moshi utatoka tunduni, kwanza mweupe mzito. Ukikoma kabisa, kama baada ya saa moja, ipua. Usifungue kopo mpaka lipoe lote, hata kama watoto wanasubiri. Ukifungua likiwa la moto, hewa inaingia na vijiti vinageuka majivu. Vikitoka na kiini cha kahawia havijaiva, virudishe.

Mkaa huo ni kwa ajili ya kivuli, na kwa kivuli Dar ina zawadi ambayo vitabu vya ng'ambo haviijui. Mara mbili kwa mwaka jua linapita juu ya utosi wetu kabisa: siku za mwanzo za Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Simamisha chupa ya sentimita 30 kwenye karatasi ya manila uwanjani, mwanzo wa Machi, saa mbili na nusu asubuhi. Kivuli chake ni zaidi ya nusu mita, kinaelekea magharibi. Mtoto afuate ukingo wake kwa mkaa na aandike saa. Arudi saa nne, saa tano na nusu, kisha saa sita na dakika 35 mchana. Hapo kivuli kimeingia chini ya chupa, kimebaki utepe tu kuzunguka kitako. Hata ukikosea tarehe kwa wiki nzima, kivuli cha chupa hiyo hakizidi sentimita moja na nusu. Watoto huinua chupa kutafuta kimekwenda wapi.

Iweke chupa palepale mwezi Juni, saa hiyohiyo ya mchana, na kivuli kitaelekea kusini, kama sentimita 17. Desemba kitaelekea kaskazini, kama sentimita 9. Ndiyo maana maelekezo ya vitabu vya ng'ambo, kwamba uchore kwa mwanga wa dirisha la kaskazini kwa kuwa jua haliingii upande huo, hayatufai kwa mwaka mzima. Manila hiyo yenye vivuli vya Machi iandikwe tarehe na ihifadhiwe sandukuni.

Masika yakianza, kila kinachohitaji kukauka kinaondoka kwenye ratiba. Tunabaki na masomo saba ya ndani: rangi kidogo kidogo, na kanga.

Rangi kwanza. Seti ya rangi kumi na mbili inamnyima mtoto somo lote, kwa sababu zambarau na chungwa zimo tayari. Tunanunua sita na nyeupe: njano mbili, moja inayokaribia ndimu na moja inayokaribia embe bivu, nyekundu mbili, moja ya waridi na moja ya kukaribia chungwa, bluu mbili, moja ya kukaribia kijani na moja ya kukaribia zambarau. Nyeusi hatununui. Tatizo linalowasumbua wazazi wengi ni zambarau: wanachanganya nyekundu na bluu, inatoka kahawia kama matope. Sababu ni kwamba nyekundu ya kawaida ina njano ndani yake, na rangi zote tatu za msingi zikikutana zinauana. Tumia nyekundu ya waridi na bluu inayokaribia zambarau, zambarau itatoka safi. Kijani nacho hivyo hivyo, njano ya ndimu na bluu ya kukaribia kijani.

Daima anza na rangi hafifu. Kijiko kimoja cha njano, halafu bluu kwa ncha ya brashi, koroga, tazama, ongeza. Ukianza na bluu utamwaga njano yote ya mwezi na bado hutaona kijani. Kila mtoto anatengeneza ngazi ya miraba kumi kwenye A3, kutoka njano tupu hadi bluu tupu, na kila mraba anauandikia jina lake mwenyewe: kisamvu, mchicha mchanga, ganda la ndizi mbichi. Majina hayo yanakaa kichwani kuliko namba.

Siku moja ya mvua kubwa iwe ya jikoni. Chemsha choya, gawa maji yake vikombe vitatu: kimoja kikae hivyo, cha pili kamulia ndimu, cha tatu tia chembe za magadi. Cha ndimu kinang'aa wekundu, cha magadi kinageuka kuelekea kijani na kijivu. Binzari ya manjano ikikutana na magadi inakuwa nyekundu ya kahawia. Vipakwe kwenye karatasi, kisha nusu ya karatasi ifunikwe na kuwekwa dirishani. Baada ya wiki kadhaa binzari iliyoachwa wazi itakuwa imefifia. Weka pembeni udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa na kuchanganywa na kiini cha yai: huo hautafifia. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, mingi ni ya wekundu wa namna hiyo. Hapo historia na sanaa zinafundishwa kwa pamoja bila kulazimisha.

Kanga tunaipa masomo manne, na tungeweza kuipa nane. Tandika kanga ya nyumbani sakafuni na umwachie mtoto ataje sehemu zake: pindo linalozunguka pande nne, mji katikati, jina chini. Apime. Kanga nyingi zinakaribia sentimita 150 kwa 110. Ukigawa kwa nne unapata 37.5 kwa 27.5, na hiyo inaingia kwenye karatasi ya A3. Kazi ngumu ni pembe. Watoto wote huanza kupiga pindo kutoka kushoto, wakifika pembeni nakshi inakatika nusu. Tuliwaacha wakosee mara moja, kisha tukawapa hesabu: muhuri wa sentimita 2.5 unaingia mara 15 kwenye urefu na mara 11 kwenye upana, bila kubaki kitu. Mraba wa pembeni unahesabiwa pande zote mbili, kwa hiyo pindo zima ni mihuri 48. Mtoto aliyekuwa akilia kwa hesabu za kugawanya alizifanya zote kwa penseli ukingoni mwa karatasi.

Muhuri tunaukata kwenye kandambili zilizochakaa. Soli yake ni laini kwa kisu na haifyonzi rangi. Osha, chora mraba, mzazi akate kwa wembe, mtoto achonge nakshi kwa ncha ya msumari uliochongoka. Gundisha kwenye kizibo cha chupa kiwe mshikio. Rangi iwekwe kwenye sponji bapa, muhuri ugonge sponji, si kuchovywa. Ukichovya, rangi inajaa kwenye mifereji na kinachotoka ni doa. Bamia iliyokatwa kati nayo inatoa ua zuri la kujazia mji, ila inatoa ute, ikatwe jana yake na kuachwa ikauke. Jina mtoto alitunge mwenyewe, lisizidi maneno matano ili herufi zienee, na alipime kwa penseli kabla ya kulipaka. Kusahau kupima jina ndiko kunakoharibu kazi nyingi siku ya mwisho.

Juni mvua zimekwisha, upepo wa kipupwe ni mkavu, na hapo udongo unafaa. Hapa tuna masomo tisa hadi Septemba, pamoja na safari.

Udongo wa mfinyanzi muulize muuza vyungu anapoutoa, au muombe mfinyanzi akuuzie uliopondwa tayari. Ndoo ya lita 20 ikijazwa udongo mbichi inaweza kupita kilo 35, kwa hiyo chukua ndogo mbili. Kilo 3 kwa mtoto zinatosha kwa mwezi. Upime hivi: viringisha kamba ya unene wa kidole, izungushe kwenye kidole chako. Ikipinda bila kupasuka ni mzuri. Ikipasuka kidogo, ongeza maji na kanda tena. Ikikatika kabisa, mchanga ni mwingi. Ukiwa unanata mkononi kama ugali usioiva, uache wazi nusu siku.

Makosa ya udongo ni matatu na yanarudi kila mwaka. Kuta zinakuwa nene. Zisizidi unene wa kidole kidogo cha mtoto. Mshikio unabandikwa juu juu na kudondoka. Pande zote mbili zikwaruzwe kwa uma, zipakwe uji wa udongo, kisha zibanwe. Na kukausha kwa pupa. Chungu kikae kivulini, kimefunikwa kitambaa chenye unyevu siku mbili za kwanza, halafu kitambaa kikavu, kwa jumla siku 10 hadi 14. Mdomo ukikauka kabla ya kitako, unapasuka.

Kuhusu kuchoma, tunasema wazi: kwenye ua wa nyumba za kupanga, usijaribu. Udongo unahitaji joto la kama nyuzi 600 ili usirudi kuwa tope, na maji yaliyobaki ndani yakigeuka mvuke ghafla, chungu kinapasuka kwa kishindo na vigae vinaruka. Ama mpelekee mfinyanzi achome pamoja na vyake, ama kiache bila kuchomwa, ukipake rangi, na mtoto ajue hakitiwi maji.

Baada ya udongo inakuja sabuni ya mche. Mpingo ni mgumu mno kwa mtoto, lakini kuchonga ni kitu tofauti na kufinyanga na lazima akionje: ukishaondoa, hurudishi. Nunua mche mpya, wa zamani unamenyuka vipande. Kata kipande cha sentimita 8, mtoto achore umbo pande zote nne kwa msumari kabla ya kuanza, kisha apunguze kwa kijiko cha chai, si kisu. Vumbi lake linafulia. Ndipo tunakwenda Mwenge kwenye vinyago. Mtoto aliyechonga sabuni akikishika kinyago cha Kimakonde cha watu waliobebana, anageuza chini juu kutafuta kiungo, na akigundua ni gogo moja tu ananyamaza. Omba ruhusa kabla ya kuchora au kupiga picha, na nunua hata kitu kidogo. Mafundi wako kazini.

Safari nne kwa mwaka zinatosha, na nauli iwekewe fungu lake maana inazidi bei ya karatasi. Mwenge ni moja. Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Botania ni nyingine, zimekaribiana kwa miguu. Bustani ni ya tangu 1893 na ina majani ya kila umbo. Kijiji cha Makumbusho, kwa nyumba za jadi. Na Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga. Katikati ya wiki, asubuhi. Kila mtoto achague kitu kimoja akichore dakika 20, vingine avitazame tu. Tulipozunguka kila chumba tulirudi na watoto waliochoka na karatasi tupu.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 na alifariki 1972, muda mfupi mno, na staili yake bado inalisha familia. Alitumia rangi za mafuta za kung'aa kwenye mbao bapa za mraba. Kwa watoto hatutumii rangi hizo: baadhi zina madini ya risasi, na harufu ya kiyeyushi haifai chumbani. Tumia rangi ya maji ya ukutani kwenye boksi gumu lililopakwa nyeupe pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja, boksi linapinda. Mpangilio ndio somo. Mandhari ya nyuma kwanza, rangi mbili zinazokutana katikati zikiwa bado mbichi. Ikauke kabisa. Mnyama mzima kwa rangi moja. Ikauke tena. Mwisho madoa na mistari, kwa ncha ya chelewa. Wote wanataka kuanza na madoa ya chui. Wazuie.

Batiki ya nta ya moto na kostiki soda ni kazi ya watu wazima, inaunguza. Watoto wapewe ya unga: nusu kikombe cha ngano, nusu ya maji, vijiko viwili vya chai vya shabu, kwenye chupa ya kubana. Wachore juu ya merikani iliyofuliwa kutoa wanga na kubanwa kwenye boksi kwa pini, maana unga ukikauka unavuta kitambaa. Kesho yake wakifinye kupata mipasuko, wapake akriliki, wasubiri siku nzima, kisha waloweke na kukwangua.

Oktoba tunarudi mwanzo: kiatu kilekile, chelewa ileile. Masomo sita ya mwisho hayana kitu kipya hata kimoja, na usishawishike kuongeza. Novemba kila mtoto anachagua kazi moja kati ya zote za mwaka na kuifanya upya kwa wiki tatu, kubwa zaidi, kwenye manila. Desemba mnachagua kazi kumi za kuhifadhi, mtoto akiwa mwenye kauli ya mwisho, na kila moja inaandikwa tarehe nyuma kwa penseli. Zilizobaki piga picha, kisha geuza upande wa pili uwe wa mazoezi ya Januari.

Ila manila ya Machi usiitoe sandukuni mpaka siku yake. Karibu na tarehe 10 Oktoba, vuli ikiruhusu jua, simamisheni chupa ileile palepale. Safari hii jua linafika utosini mapema zaidi, saa sita na dakika 10 mchana, kwa hiyo muwe uwanjani saa sita kamili. Mtoto achore chupa yenyewe pia, pamoja na vivuli vyake vyote. Akimaliza, na si kabla, mletee ile ya Machi aitandike kando yake.